UZI: Ni mama gani wa biashara ndogo hapa Nairobi uliyemwibia akili? Sema ulichoiba

FundiWaVipande (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo.

Mimi ni fundi wa mikoba. Nanunua vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi wa magauni, naviunganisha, natoa mkoba. Nina cherehani moja ya kukanyaga na meza ninayoikodi kwenye baraza ya duka la watu, Umoja.

Jumamosi alinijia dada mmoja, amependeza kweli. Akashika mkoba, akaupindua nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono. Akanisifu mpaka nikaona haya: wewe ni mbunifu, wanawake kama nyinyi ndio mnatutia moyo. Halafu akaomba nimshushie kutoka mia sita hadi mia tatu hamsini. Nilipokataa akapiga picha mbili tatu, akaenda zake.

Usiku nikachukua daftari. Vipande sh 180, kitambaa cha ndani 90, zipu 30, mkanda 70, uzi 10, sehemu ya kodi ya meza 60. Jumla 440. Yaani kwa ile mia sita aliyoiona ghali, nabaki na 160 kwa kazi ya saa tatu. Hamsini na tatu kwa saa, na mgongo unauma. Kwa bei aliyotaka yeye, ningekuwa nimemlipa sh 90 anisaidie kubeba mkoba wangu mwenyewe.

Sikumkasirikia. Nilijikasirikia mimi, maana mwaka mzima sikuwahi kupiga hesabu hiyo hata siku moja.

Lakini sikufungua uzi huu nilie bei. Sifa tunazipata, hasa ikifika tarehe 8 Machi: hongera akina mama, nyinyi ni nguzo. Asanteni. Leo nataka kingine. Kila mmoja amkumbuke mama mmoja wa biashara ndogo anayemjua kwa macho (asimtaje jina, hajatuomba tumtangaze) na aseme ni akili gani hasa aliyomwibia. Usiniambie bidii yake wala uvumilivu wake. Niambie kitu cha kushikika, nikisome leo nikakitumie kesho.

Naanza mimi. Kuna mama wa vyondo soko la Kariakor. Mbele ya kibanda chake kinaning'inia kiondo kikubwa mno, rangi nne, mshipi wa ngozi mnene, bei sh 6,500. Kila apitaye lazima aulize. Akishasikia bei anashusha pumzi, macho yanahamia kwa vile vya 1,800, na ghafla vinaonekana rahisi. Nikamuuliza kile kikubwa ameshakiuza mara ngapi. Akacheka. "Hicho si cha kuuza. Hicho ni mwalimu."

Nimemwibia. Wiki hii nimeshona mkoba mmoja wa vipande 112, nimeutundika juu peke yake. Zamu yenu.

---

Kapera_Roysambu

Mimi ni mwanamume, natumaini naruhusiwa.

Mama mboga wa chini ya ghorofa yetu. Ghorofa ina vyumba vya mtu mmoja mmoja, wengi wetu makapera na wanafunzi. Wengine wote kwenye barabara ile wanauza sukuma kwa fungu la kulisha watu watano. Yeye alituangalia kwa muda, kisha akatengeneza kifurushi: sukuma iliyokatwa ya kutosha sahani moja, nyanya moja, nusu kitunguu, dania vijiti vitatu, pilipili moja. Sh 30. Anakiita "kapera". Unapita saa mbili usiku umechoka unasema tu "kapera moja" unapanda ngazi.

Ajabu ni kwamba ukipiga hesabu, ile nusu kitunguu anaiuza ghali kuliko kitunguu kizima. Na hakuna anayelalamika, kwa sababu kitunguu kizima kingeniozea ndani.

Nilichoiba: mimi narekebisha simu. Nilikuwa nauza kioo, kava na chaja kila kimoja kivyake. Sasa nina kifurushi cha "simu imeanguka".

---

Mtembea_Jioni

Nimeweka kiti. Endeleeni.

---

KarangaKayole

Nasaga siagi ya karanga. Niliyemwibia hata hauzi karanga, anauza samaki.

Huyu mama hangoji umuulize kama samaki ni mbichi. Ukisimama tu, kabla hujafungua mdomo, ameshainua shavu la samaki kwa kidole gumba, unaona wekundu. Siku samaki amelala, anakwambia huyu ni wa jana, na bei anaishusha mwenyewe.

Sasa karanga zina tatizo moja ambalo wengi hamlijui. Karanga ikipata unyevu inaota ukuvu, na ukuvu huo unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ndugu zetu wa Tanzania wanaiita sumukuvu. Huioni, huinusi, na usidanganyike kwamba ukikaanga inakwisha. Haikwishi. Kitu cha kwanza anachoweza kufanya mtu mdogo kama mimi ni kununua karanga kavu, kuzihifadhi juu ya mbao zisiguse sakafu, na kuchambua kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka, yote nje.

Nilikuwa nachambua usiku nyumbani, natupa. Nikamkumbuka mama samaki. Nikahamishia uchambuzi mezani, mchana, mbele ya watu, na zile mbaya naziweka kwenye sinia jeupe kando ya mashine. Mteja anaona nilichokataa kumuuzia. Sijawahi kuandika tangazo linaloshinda lile sinia.

Ila wenzangu mnaotaka kuingia: sinia halichukui nafasi ya maabara. Ukitaka kupeleka dukani unahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na hapo ndipo karanga zenyewe zinapimwa. Usiruke hatua hiyo. Chakula si mkoba.

---

MwanaMvita_SouthC

Asalamu alaykum dada zangu. Mimi mzaliwa wa Mvita, ndoa ndiyo iliyonileta Nairobi.

Kwetu mabuyu hayana siri. Wachemsha sukari na maji mpaka ivute, watia iliki, watia rangi, pilipili kwa atakaye, wamimina ubuyu, kisha wakoroga na kukoroga mpaka sukari ishike kokwa na ikauke. Mkono ndio utakaokujulisha. Na mabuyu ni mekundu, tangu tulipokuwa watoto, ulimi mwekundu, meno mekundu, sare ya shule madoadoa.

Nilipofika hapa nikamkuta mama mmoja, si mtu wa pwani hata kidogo, auza mabuyu meupe. Mimi nikacheka moyoni. Mabuyu gani haya, yamekufa? Kumbe mwenzangu alikuwa amekaa akawatazama wafanyakazi wa maofisini. Walikuwa wanayatamani lakini hawayanunui mchana, kwa kuwa saa nane mtu ana mkutano na hawezi kuingia na ulimi kama aliyekula rangi ya nyumba. Basi akaondoa rangi, akazidisha iliki na chumvi kidogo, akayatia kwenye vichupa vidogo vya mfuniko visivyopiga kelele. Ayaita mabuyu ya ofisi.

Mimi mwenye asili ya mabuyu sikuliona hilo. Wa pembeni aliliona. Nimelimeza hilo na mate yake, na sasa nami nina meupe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dada mwenye mikoba, usihangaike na wapiga picha.

---

BabaWawili_Makadara

Dada mwenye uzi, naomba nitofautiane nawe kwa heshima.

Marehemu mke wangu alishona sare za shule Uhuru Market miaka 19. Watu walimwita hodari, mbunifu, simba jike. Alikuwa hodari kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Mkimwona mama anamenya minji saa nne usiku kwa taa ya simu mnasema huo ni ubunifu. Mimi naona mtu aliyechoka ambaye angependa kulala.

Na sifa zina kazi yake. Zinafunika maswali. Soko lina choo? Maji? Paa likivuja nani anaziba? Gikomba imeungua mara ngapi? Mwezi Juni 2018 pekee moto ule uliua watu 15, na bado watu walirudi kupanga bidhaa juu ya majivu, nasi tukaandika "wanawake hawa hawakati tamaa". Kukata tamaa wangekula nini?

Hiyo nusu kitunguu mnayoisifia, mwenye nacho hununua gunia.

---

FundiWaVipande (mwenye uzi)

Mzee, pole sana kwa mama.

Siwezi kukubishia mengi hapo, na sijasema umaskini ni sanaa. Ila nisikilize kidogo. Yule dada aliyenisifu kisha akataka nimshushie bei alifanya kile unachokikataa: aliniona mimi kama picha ya kutia moyo. Mama wa kiondo cha mwalimu sikumwona hivyo. Nilimwona kama mtu anayejua kazi kunizidi. Kwa fundi wa kiume wa magari tunasema "nenda kwa fulani ukajifunze gia", hatusemi "ametutia moyo". Mimi nataka akina mama hawa watajwe namna hiyo. Kama walimu wa kazi.

Choo cha soko nacho tukidai. Vyote viwili vinaingia kwenye siku moja.

---

MsusiWaZamani

MwanaMvita, dadangu, hiyo methali nimeikataa tangu zamani. Kizuri nacho hutembezwa! Mimi nilisuka Kenyatta Market miaka sita. Mnakujua pale: ukishuka tu kwenye gari, wasichana kumi wamekuzunguka na picha za mitindo, kila mmoja anakuvuta upande wake. Waliosuka vizuri na waliosuka vibaya wote walikuwa wanajitembeza. Mteja alitofautisha baadaye, akishaoga nywele mara ya pili.

Kwa wasiokaa Nairobi, pale nywele husukwa na watu watatu hata wanne kwa kichwa kimoja. Mwenye mkono mzuri anaanzisha mizizi, wengine wanamalizia mikia, mdogo kabisa anachovya ncha kwenye maji ya moto. Kichwa ambacho mtu mmoja angekisuka kutwa kinaisha kabla ya chakula cha mchana. Huo nao ni ubunifu ambao hakuna aliyeupa tuzo.

Lakini niliyemwibia ni mama mwenye kibanda. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, jalada limechanika. Kila mteja ana nusu ukurasa. Tarehe, mtindo, pakiti ngapi, na ramani ya kichwa chake aliyoichora kwa kalamu: hapa nywele nyembamba, hapa kidonda cha zamani, hapa usivute. Mwisho mstari mmoja wa habari. "Mtoto anafanya mtihani." "Anahamia Rongai."

Mteja anarudi baada ya miezi miwili. Mama anachungulia daftari chini ya meza kama mwanafunzi anayeiba mtihani, kisha anainuka: "Rongai kunakuonaje?" Mtu anayeyuka. Na ile ramani ilituzuia kuvuta nywele za kando, ambazo zikishang'oka kwa mizizi kurudi kwake ni majaliwa. Alimkatalia mtu pesa mchana kweupe: "Hapa sitakaza. Ukitaka kukazwa nenda kwa mwingine, upara ukija usinitafute."

Leo nina saluni ndogo ya wasichana watatu, Kawangware. Daftari ninalo. Kuna mmoja wao aliniambia tuhamie kwenye simu. Nikamwambia daftari haliishi chaji.

---

Msomaji_Ngara

Mbona hamtaji wale wanaojulikana? Kazuri kwa mfano, pale Karen, ilianza 1975 na akina mama wawili tu wakifinyanga shanga za udongo. Au Nzambi Matee, wa matofali ya plastiki.

---

Kapera_Roysambu

@Msomaji_Ngara wakitajwa watajwe kwa walichofanya, si kwa tuzo. Ya Matee naijua kiasi. Aliacha kazi 2017, akaanza kujaribu uani nyumbani kwa mamake: taka za plastiki zinachanganywa na mchanga, zinapashwa moto, zinagandamizwa, zinatoka vigae vya kutandaza njiani. Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya vijana wa mazingira ilikuja 2020. Watu wanakumbuka tuzo tu.

Mimi nakumbuka majirani. Mashine ilipiga kelele, wakalalamika. Aliwaomba mwaka mmoja. Mwaka wa kupatia vipimo vya mchanganyiko, kwani uwiano ukikosea kigae hakifai. Hebu fikirieni, kwenda kwa jirani na kumwambia nivumilie siku 365. Wengi wetu tungehama au tungeacha.

Hiyo ndiyo ya kuiba: kuomba muda, kwa kipimo, ukijua unautumia kufanya nini.

---

Kiondo_Mwala

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye matatu, nimepitishwa kituo changu.

FundiWaVipande, hicho kiondo cha mwalimu usikione hivi hivi. Mamangu anasuka, nyanyangu alisuka. Kiondo cha mkonge halisi, nyuzi zake zinaviringishwa kwa kiganja juu ya paja mpaka ziwe kamba nyembamba. Mapaja ya nyanya yalikuwa na ngozi laini inayong'aa sehemu moja, utadhani imepigwa pasi. Kusuka kwenyewe hufanywa mkutanoni, njiani kwenda sokoni, hata mtu akiwa amesimama anapiga gumzo. Kwa hiyo ukimuuliza mama "kimechukua saa ngapi" hawezi kukujibu. Hakuna aliyekaa na saa. Na hapo ndipo wachuuzi wa kati hujipatia: wanalipa mkonge, hawalipi muda, kwa sababu muda haukuandikwa popote.

Wewe umeandika saa tatu zako. Umewatangulia wengi.

Nairobi kiondo kilipata upepo mpya pale mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tarehe 28 Agosti 2017. Faini zilitisha: kati ya milioni mbili na nne, au jela. Watu walitoka na vyondo walivyokuwa wamehifadhia vitunguu. Mimi nilikuwa nauza mitumba Toi, nikapiga simu nyumbani siku hiyohiyo.

Nilichomwibia mamangu na kikundi chake. Wako akina mama kumi na nne, vyondo vyao vinaingia gunia moja vinakuja Nairobi. Zamani kikirudishwa kimefumuka, ugomvi: cha nani? Kila mtu anakataa. Sasa kila mmoja anapoanza kitako anaingiza uzi mmoja wa rangi yake, mzunguko mmoja tu, ndani. Mnunuzi haoni. Wao wakipindua wanajua. Ugomvi uliisha, lakini pia kikatokea ambacho hawakukitarajia: kuna wateja wangu hapa mjini walioona ule uzi na sasa wananiambia "niletee wa zambarau". Hawamjui jina wala hawajui kwetu Mwala iko wapi, lakini wanaujua mkono wake.

---

FundiWaVipande (mwenye uzi)

Kiondo_Mwala umeniliza kwenye baraza ya watu.

Swali kwa wote: yule dada aliyepiga picha. Jana nimeoneshwa na rafiki ukurasa wa Instagram, mkoba kama wangu, mpangilio uleule wa pembetatu, bei elfu mbili. Siwezi kuapa ni yeye. Nifanyeje?

---

Wakili_Asiyevaa_Tai

Pole dada. Kwa kifupi, maana haya ni ya jumla na kila jambo lina mazingira yake.

Taasisi ya kuendea ni KIPI, ile ya serikali inayosajili nembo na miundo ya bidhaa, iko upande wa Waiyaki Way. Kuna vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Nembo, yaani jina na alama yako ya biashara: ukiisajili inalindwa miaka 10 na unaweza kuihuisha tena na tena. Halafu kuna muundo, sura ya bidhaa yenyewe: huo hulindwa miaka 5, unahuishwa mara mbili, jumla miaka 15. Ila muundo lazima uwe mpya. Kwa hivyo kabla hujaubandika mtandaoni, uliza kwanza.

Pembetatu peke yake si rahisi kuidai, watu wameunganisha vipande tangu enzi. Mimi ningeanza na jina. Na ningeshona lile jina ndani ya kila mkoba kuanzia leo, kabla hata ya fomu.

---

Kiondo_Mwala

Uzi wa zambarau, dada. Si nilisema.

---

MwekaHazina_Dandora

Nimechelewa lakini lazima niongee habari ya mtaji, mmeikwepa.

Chama chetu ni wanawake 12. Kwa miaka miwili tulizungusha pesa kama wote wanavyozungusha, na kila mwezi aliyepokea alikuwa na msiba, au karo, au shemeji. Pesa inakwisha, biashara iko palepale. Mwenzetu mmoja, anauza chapati na maharagwe asubuhi karibu na steji, akatuletea sheria: pesa haiingii mkononi. Aliyefikiwa na zamu anasema anataka kununua nini, tunaenda naye watatu, tunalipia dukani. Yeye mwenyewe alianza: akanunuliwa jiko la kuchoma chapati nne kwa wakati mmoja badala ya kikaango kimoja. Mwingine cherehani ya overloki. Mwingine friji ya mitumba.

Kulikuwa na kelele! Mtu anasema ni pesa yangu, mbona mnanipeleka kama mtoto. Mmoja akatoka. Lakini shemeji waliacha kupiga simu, kwa sababu jibu lilikuwa la kweli: "Sijaziona hata mimi."

Mikopo ya simu tunaijua. Ile ya serikali iliyozinduliwa Novemba 2022 inaanzia sh 500, riba asilimia 8 kwa mwaka, si mbaya, lakini siku 14 za kulipa zinamfaa anayeuza nyanya. Anayesuka kiondo, siku 14 bado yuko kitakoni. Kwa vikundi vilivyosajiliwa kuna Mfuko wa Wanawake wa Biashara, tangu 2007. Na tenda za serikali, asilimia 30 zimetengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Karatasi zake ni nyingi na malipo hungojewa, usiingie ukiwa na njaa. Lakini jisajilini, sare za hospitali na mapazia ya ofisi kuna mtu anashona.

---

BabaWawili_Makadara

Nimerudi. Wanangu wamesoma nilichoandika wakaniambia, baba, uliandika habari ya mama lakini hukusema kitu kuhusu mama.

Basi. Alikuwa anaacha pindo kubwa. Sketi na suruali ya shule, wengine waliacha pindo la vidole viwili, yeye aliacha vidole vinne, na ndani ya mkono wa sweta alificha mikunjo. Kitambaa kilimgharimu zaidi, wenzake walimcheka kwamba anamkosesha mwenyewe mauzo, maana mtoto akirefuka ndipo mzazi hununua sare mpya. Januari ya pili mzazi alikuwa anarudi na sketi ileile. Mke wangu alifumua pindo, akateremsha, akapiga pasi mstari wa zamani kwa kitambaa chenye siki kidogo mpaka ukafifia. Alitoza pesa ndogo sana.

Nilimuuliza, mbona unafanya hivi? Akasema mwenye watoto watano akija kuteremsha moja, hawezi kwenda kwa mwingine kushonesha nne.

Alikuwa anaandika vipimo vya kila mtoto ubaoni kwa chaki, na vya mwaka uliopita hakuvifuta, alivipigia mstari tu. Ubao bado ninao nyumbani. Kuna watoto pale wamerefuka sentimita 14 kwa mwaka mmoja.

Nilichosema mwanzoni sijakibadilisha. Paa la soko lilivuja juu ya cherehani yake misimu mitatu.

---

MwanaMvita_SouthC

Mzee wangu, Mungu amrehemu. Hiyo ya siki sikuwa naijua, na mimi nimepiga pasi maisha yangu yote.

---

Mtembea_Jioni

Nilisema nimeweka kiti. Nimetoka kuacha pindo la vidole vinne kwenye mapazia ya mteja.

---

FundiWaVipande (mwenye uzi)

Nirudishe mrejesho halafu nikashone.

Bei mpya ni sh 850. Nilikaa siku nzima na hofu. Kati ya wateja watano walioshika mkoba, wawili walinunua, mmoja aliondoka akisonya, mmoja alisema atarudi mwisho wa mwezi, na wa tano ni mama mzima aliyesimama chini ya ule wa vipande 112 akauliza bei. Nikamwambia 4,000, nikitarajia ashushe macho kwa midogo kama nilivyofundishwa. Akatoa simu akauliza namba ya till, alipe.

Sasa sina mwalimu. Na kusema kweli niliuza nikiwa na majuto, vidole vilikuwa bado vinauma. Nimeanza mwingine. Ndani nimeingiza mshono mmoja wa uzi wa rangi ya haradali, karibu na zipu.

Na zipu zenyewe ndizo tatizo langu. Hizi za sh 30 zinakwama mteja akiwa bado njiani kwenda nyumbani. Nani anajua pa kupata za chuma zisizo za kuvunja mfuko?

---

KarangaKayole

Maduka ya vifaa vya mafundi kule River Road, lakini usinunue mojamoja, nunua kwa rola ukate mwenyewe, vichwa vya zipu unanunua kivyake. Uende asubuhi. Mchana hakuna anayekusikiliza.

---

MsusiWaZamani

Na kabla hujalipa, ivute zipu mara ishirini hapohapo kaunta. Mwenye duka akikukazia macho, vuta mara ishirini na moja.